Haragwe la Katikati

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa ya mwezi wa nane, saa kumi na robo alasiri. Kabla ya saa hiyo nyumba ile ilikuwa na watu watatu, na watatu hao walikula pamoja na kukosana na kupatana kama watu wa nyumba moja wanavyofanya. Tangu jioni hiyo wamebaki wawili. Mungu alipanga hivyo, nasi tunasimulia polepole, kama yalivyokuwa.

Watatu hao walikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mkewe, na mama wa mkewe. Fundi aliitwa Cheche, kwa sababu mikono yake ilijaa vialama vya kuungua kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia. Hakuwa mtu wa maneno. Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili, na vicheko vya wote wawili pia. Mama mkwe alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Alimheshimu mkwewe kwa mbali, kama unavyomheshimu mgeni ambaye hukumwalika. Hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita "fundi" tu, hata alipokuwa akimsogezea chai.

Siku hiyo walikwenda kutazama kazi ya mikono yake. Katika bustani kubwa ya jiji kulifunguliwa maonyesho ya sanamu za mimea, na mimea yenyewe ilikuwa mikubwa kuliko nyumba. Kulikuwa na alizeti ambalo uso wake ungeweza kuezekea vyumba viwili. Kulikuwa na karoti iliyochomoka ardhini nusu, na kishada cha zabibu ambacho kila tunda lake mtu angeweza kulikumbatia asikutanishe mikono. Msanii aliyeyabuni yote hayo, mama mmoja mpole mwenye kofia pana, alileta michoro kwenye karakana, na Cheche na mwenzake wakaigeuza kuwa chuma, kazi iliyowachukua kiangazi kizima.

Mama mkwe alitembea taratibu, mikono nyuma, akikagua. Mbele ya karoti alisimama akauliza hiyo ungeikwangua kwa nini, kwa shoka? Akasema miaka yote fundi alikuwa akitengeneza mageti, sasa amehamia mboga, huenda mwakani akawachomelea na nyama. Mkewe alicheka hadi akashika mti. Cheche naye alitabasamu akiangalia chini, maana kwa mama yule hayo yalikuwa karibu kuwa pongezi.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mwisho wa njia, kwenye majani. Ilikuwa ganda la maharage, refu kama basi, limepasuka na kulala wazi, na ndani yake maharage matatu ya mabamba ya chuma, kila moja kubwa kama chumba kidogo. Watu walipita katikati ya ganda kama wanaopita barazani. Mama mkwe, aliyekuwa amemenya maharage tangu utotoni, alilainika. Akasema ndiyo, hapa fundi umepatia, hata kile kitovu cha haragwe umekiweka.

Hapo ndipo Cheche alipoona kitu kidogo ambacho hakikukaa sawa.

Jua lilikuwa kali. Maharage mawili ya pembeni yalikuwa ya moto, na watu waliyagusa wakirudisha vidole haraka. Lile la katikati lilikuwa limelowa. Matone yalitambaa juu ya chuma chake, kama chungu cha maji kilichowekwa kivulini. Akaweka kiganja. Lilikuwa baridi. Na kulitoka harufu aliyoitambua bila kutaka, harufu ya maharage yaliyolowekwa yakasahauliwa, yakaanza kuchacha.

Alifikiri ni maji ya mvua yaliyoingia kwa kile kilango. Maana haragwe hilo la katikati lilikuwa na kilango. Yote matatu yalifungwa kabisa karakanani, lakini siku mbili kabla ya ufunguzi Msanii aliomba moja litobolewe, wageni waingie na kukaa ndani. Cheche alilitoboa pale pale bustanini, kwa haraka, akatia bawaba, akapaka rangi.

Mama mkwe alikiona kilango akasema, kwa sauti ile ile ya jikoni, "Haragwe lenye tundu, fundi, lina mdudu ndani."

"Basi leo mdudu ni mimi," mkewe akasema. "Nipige picha nikitoa kichwa."

Akavua viatu, akainama, akaingia huku akicheka. Cheche alitoa simu mfukoni, akaiinua. Kwenye kioo cha simu aliona ganda, akaona haragwe, akaona matone juu ya chuma. Hakuona kilango. Akashusha simu aone kwa macho yake, na kwa macho yake pia hakikuwepo. Viatu vya mkewe vilikuwa kwenye majani, vimepangwa vizuri, ncha zake zikielekea kwenye chuma kizima.

Alisogea akapapasa. Pale palipokuwa na kilango palikuwa na mshono. Sasa, kila fundi wa kuchomelea ana mshono wake, kama kila mtu ana mwandiko wake. Mingine ni minene, mingine inakwenda upogo, mingine huacha vidonda. Wa Cheche ulikuwa mwembamba, wenye mawimbi madogo yaliyolaliana kama magamba ya samaki, na kila ulipomalizika alikuwa na tabia ya kuurudisha nyuma kidogo. Mshono ule ulikuwa na mawimbi hayo. Mwisho wake ulikuwa umerudishwa nyuma kidogo. Ulikuwa wa mkono wake, na ulikuwa bado wa moto.

Akagonga. Mkewe akajibu kutoka ndani, bado na kicheko mdomoni, akimwambia afungue, utani umetosha, humo giza na kunanuka. Cheche akasema anafungua. Ndilo neno pekee alilolipata.

Watu walikuwa wamekusanyika. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Walimwona mwanamke akiingia, wakaona mlango ukitoweka, wakapiga makofi. Kijana mmoja alimsifu fundi kwa ufundi wa mlango usioonekana, akauliza unaendeshwa na nini. Mama mkwe aligeuka akawatazama wote, na jinsi alivyowatazama, makofi yakafa moja moja.

Mlinzi wa bustani aliambiwa kuwa kilango kimekwama. Akawaondoa wageni, akafunga geti, akaenda kumpigia simu Msanii, ambaye alikuwa upande wa pili wa jiji. Cheche alikimbilia stoo ya bustani ambako vifaa vyao vilikuwa bado, akarudi na mfuko wake wa kazi, grainda ya kukatia chuma na waya mrefu wa umeme. Akamwambia mkewe asogee upande wa kitovu, azibe masikio. Akaanza kukata.

Jiwe la kukatia liliingia vizuri. Cheche za moto ziliruka. Lakini alipokata kiasi cha shubiri moja alitazama nyuma ya jiwe, akaona chuma kikijifunga polepole kama midomo ya mtu anayejizuia kusema, na ndani mkewe akatoa sauti ambayo hakuwahi kumsikia akiitoa, si ya maumivu bali ya mshangao, akasema, "Baba, ukuta umenisogelea."

Akaacha. Akauliza umesogeaje. Mkewe akasema mwanzoni alikuwa anaweza kunyoosha miguu, na sasa hawezi.

Akajaribu upande mwingine, taratibu zaidi, akiomba Mungu kimoyomoyo, na kadiri alivyokata ndivyo chuma kilivyojifunga nyuma yake, na ndivyo mkewe alivyosema, kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo kama mtu aliyekunjwa, kwamba magoti yake sasa yako kifuani na kuna kitu kinakwaruza nyuma ya mgongo wake ingawa mgongo wake umegusa ukuta, hadi Cheche akazima mashine akaitupa kwenye majani na kupiga magoti, paji la uso wake likigusa chuma baridi, na harufu ile ya kuchacha ikamjaa puani.

Kimya kilipotulia alisikia kinachokwaruza. Kilikuwa sauti ya kutafuna, kavu, isiyo na haraka, kama mdudu ndani ya punje, ila ilikuwa pana kama chumba.

Mama mkwe alijitanda vizuri, akakaa chini kwenye majani karibu na viatu vya binti yake, akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Aliisoma kwa sauti ya kawaida, kama alivyoisoma kila usiku kabla ya kulala. Kutafuna kukakoma. Cheche aliinua kichwa kwa matumaini. Halafu wote wawili wakasikia. Kutoka ndani ya chuma kulikuwa na sauti ya pili, si ya mkewe, sauti tulivu isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, na ilikuwa ikisoma pamoja na mama, neno kwa neno, bila kukosea hata herufi. Mama alipofika mwisho akanyamaza, nayo ikanyamaza. Alipoanza tena, nayo ikaanza.

Hakusoma mara ya tatu. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Huyu si wa kufukuzwa, fundi," alinong'ona. "Huyu anamjua Mola wake. Huyu anadai kitu. Umemfanyia nini?"

Cheche alisema hajamfanyia mtu kitu. Na alipokuwa akisema hivyo mwenzake wa karakana aliingia akitweta, kwa kuwa mlinzi alimpigia simu naye pia. Mwenzake huyo walimwita Mzaha. Jina lenyewe linajieleza. Alikuwa hawezi kupita mlangoni bila kuwachekesha waliomo, lakini alipouona mshono ule hakufanya mzaha wowote.

Hapa inabidi kueleza desturi moja ya karakana yao. Fundi mkuu aliyewafunza, ambaye sasa ni marehemu, zamani za ujana wake alikuwa karibu kumfungia mtu ndani ya tangi la maji. Kijana mmoja aliingia mle kukwepa jua, akapitiwa na usingizi, na bamba la mwisho lilikuwa limeshawekwa alipokohoa. Tangu hapo akaweka sheria, na wote waliopita mikononi mwake waliishika kama adabu ya kula. Kabla ya kufunga kitu chochote chenye uwazi ndani, fundi hugonga kwa nyundo yake ndogo na kusema, "Nafunga. Kuna mtu?" Kisha anasubiri. Kikiwa kimya, anafunga. Akisikia jibu lolote, hata kama ni la utani, anaweka vifaa chini na kuingiza kichwa kuangalia. Na kabla ya kukata kitu kilichofungwa, hugonga vilevile na kusema, "Nafungua."

Mzaha aliuliza kwa sauti ya chini kama Cheche aligonga kabla ya kutoboa kilango. Cheche akasema hapana. Alikuwa na haraka. Aliyafunga mwenyewe, alijua hayana kitu.

"Na ulipolifunga?"

"Niligonga," Cheche akasema. "Si ulikuwepo? Si wewe ndiye uliyenijibu?"

Mzaha alirudi nyuma hatua moja.

"Niliuliza kuna mtu," Cheche akaendelea, na maneno yalimtoka moja moja, "ukanijibu, funga. Nikajua ni wewe, mizaha yako. Nikacheka. Nikafunga."

"Ndugu yangu," Mzaha akasema, "siku ile nilikuwa msikitini. Nilirudi nikakuta umeshamaliza, nikakuuliza unacheka nini peke yako."

Walitazamana. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya alizeti la chuma, na kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya ganda zima. Mama mkwe ndiye aliyelisema, kwa kuwa wao wawili hawakuweza. Alisema mtu hana haja ya kuvunja mlango wa nyumba aliyokaribishwa. Huyu aliulizwa, akajibu, akafungiwa kama alivyoomba. Ikawa nyumba yake. Kisha mwenye kumfungia akaja bila hodi, akamtoboa ukuta, akaita watu waje wakae.

Kutoka ndani mkewe aliita. Sauti yake ilikuwa imebanwa kabisa. Alisema hawezi tena kuvuta pumzi yote, anavuta nusu.

Cheche alisimama. Akatafuta kwenye mfuko wa kazi akapata nyundo yake ndogo. Akagonga, kama alivyofunzwa, na akasema, "Hodi. Ni mimi niliyefunga. Ni mimi niliyefungua. Nimekosa."

 Matone yalitambaa. Kisha sauti ile tulivu ikasema, karibu sana, kama ambaye naye ameweka paji lake upande wa pili wa chuma, "Ulisema unafunga."

"Nilisema."

"Nilitoka mbali. Nilifukuzwa kila mahali penye watu. Nikaona unatengeneza mahali pasipo na dirisha. Ukaniuliza kwa adabu, na hakuna aliyewahi kuniuliza."

Cheche alisema atamfungia tena, atalifunga haragwe lake vizuri kuliko mwanzo, walizike ardhini kama akitaka, ila amtoe mkewe. Alisema mwanamke yule hakujua. Aliingia akicheka.

"Mshono wa nje unakatwa na yeyote," sauti ikasema. "Wewe mwenyewe umeukata. Nifungie kwa ndani."

Mzaha alielewa kabla ya wengine, maana ni fundi. Alishika mkono wa mwenzake akaanza kusema maneno mengi, kwamba wataita watu, kwamba wataleta mtambo wa kunyanyulia, kwamba asubuhi haiko mbali, na alipokuwa bado anasema mkewe alikohoa mle ndani kikohozi kifupi kisicho na nafasi ya kuwa kikohozi, na kila aliyekuwa pale akajua kwamba asubuhi iko mbali.

"Atoke kwanza," Cheche akasema kwenye chuma. "Akishatoka nitaingia. Ni ahadi yangu mbele ya Mungu, unayemjua."

"Ninaijua ahadi yako," sauti ikasema. "Sema tena."

Akasema tena.

Akatawadha kwenye bomba la bustani. Akaswali rakaa mbili juu ya majani, na mama mkwe akasimama nyuma yake akaswali naye. Alipotoa salamu, mama akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alimshika mikono yote miwili, ile yenye alama za kuungua, akaiweka usoni pake.

"Mwanangu," alisema.

 Cheche aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea kitu kizito kwa uangalifu. Kisha akaunganisha waya kwenye mashine ya kuchomelea aliyoitoa stoo, akachukua vijiti vyake vya kuchomelea na ngao yake ya uso, akasimama mbele ya mshono.

Kilango kilifunguka bila sauti. Palepale kilipokuwa. Mkewe alitambaa nje kwa viwiko, amelowa mwili mzima, na Mzaha na mama wakamvuta kwenye majani. Alivuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji. Hakuona mumewe alivyopita pembeni yake. Alichokiona, alipoweza kuona, ni nyayo za viatu vya mumewe zikipotelea gizani, na waya wa umeme ukimfuata ndani kama mkia.

Kilango kikajivuta. Hakikufungika kabisa; kwenye ukingo kulikuwa na upenyo, na kwenye upenyo ikaanza kuonekana ile nuru ya buluu, ikiwaka na kukatika, ikiwaka na kukatika, ikipanda kutoka chini. Walisikia kijiti kikichemka. Walimsikia akikohoa moshi. Mkewe sasa alikuwa ameelewa, na Mzaha alimshika mabega kwa nguvu zake zote, na mama alikuwa amemkumbatia kiuno, na nuru ikapanda, ikazunguka juu, ikaanza kushuka upande wa pili, hadi ikabaki sehemu ndogo kama kidole.

Hapo nuru ikazimika. Ikasikika nyundo ndogo ikigonga chuma kutoka ndani.

"Nafunga," Cheche akasema. "Kuna mtu?"

"Yupo!" mkewe akapiga ukelele. "Kuna mtu, baba watoto, kuna mtu, usifunge!"

Walikuwa hawajajaliwa watoto. Alimwita hivyo tangu siku ya ndoa, kwa matumaini.

Ndani kukawa kimya, na wote watatu walijua kwamba amesikia, na kwamba sheria ya karakana inamtaka aweke vifaa chini. Walimsikia akivuta pumzi. Inawezekana aliweka kijiti chini, Mungu ndiye ajuaye. Kisha, kwa sauti ya Mzaha, kwa ucheshi wake ule ule, hali Mzaha mwenyewe alikuwa pale nje amefumba mdomo na machozi yakimtiririka, kitu kikasema ndani ya chuma:

"Funga."

Nuru ya buluu ikawaka mara ya mwisho. Ikakatika.

Msanii alifika wote watatu wakiwa wamekaa chini. Zimamoto nao walifika. Walilikata haragwe lile, na safari hii halikujifunga. Lilikatika kama bati la kawaida, na chuma chake kilikuwa kimekauka na kina joto la jioni. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na ngao ya uso imewekwa vizuri, na nyundo ndogo juu yake. Waya ulikuwa umekatika pale ulipopita kwenye ukuta, hauna ncha ya upande wa pili. Na kuzunguka ndani kote, kutoka chini hadi juu na kurudi chini, ulipita mshono mmoja mwembamba, wenye mawimbi kama magamba ya samaki. Mzaha aliufuata kwa kidole hadi mwisho. Haukurudishwa nyuma. Uliendelea hadi kwenye kona ya chuma, ukaingia pasipokuwa na kitu.

Msanii aliyaondoa maharage yote matatu, akalia, akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Maonyesho mengine yaliendelea hadi mwisho wa msimu. Watu walipiga picha na alizeti.

Nyumbani kwa wanawake wale wawili hakuna kinachofungwa hadi mwisho. Sufuria hufunikwa upande. Kabati huachwa upenyo. Mama akimenya maharage huipasua kila punje kwa kucha kabla ya kuitia chunguni, na binti yake hamuulizi kwa nini.

Mzaha bado ana karakana ile. Hafanyi mizaha tena, ila jina limeganda. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anafunga tangi la mafuta, tupu, alilolisafisha mwenyewe. Akagonga kwa nyundo ile ndogo aliyorithi. Akasema, anafunga, kuna mtu? Na kutoka ndani ya tangi, kutoka mbali kuliko urefu wa tangi lenyewe, sauti anayoijua kuliko zote, ya mtu asiye na maneno mengi, ikajibu:

"Kuna mtu."

Akaweka vifaa chini. Akaingiza kichwa akaangalia, kama alivyofunzwa. Hakuona kitu, ila alinusa maharage yaliyochacha, kidogo, na chini yake harufu ya kijiti kilichotoka kuungua. Tangi lile hakulifunga. Liko nyuma ya karakana hadi leo, mdomo wazi, na mvua ikinyesha linajaa, na hakuna anayethubutu kulimwaga.

Ee Mwenyezi Mungu, wewe ndiwe Mfunguzi, na hakuna afungaye ulichokifungua. Mja wako huyu tulimswalia bila mwili na hatujui kaburi lake liko wapi. Wewe unajua. Alitimiza ahadi aliyoiweka mbele yako. Msamehe haraka yake, mkubalie rakaa zake mbili za mwisho, mpanulie pale alipo palipo finyu, muangazie pale palipo na giza, na siku utakayowafungua wote waliofungwa, mfungulie na yeye, atoke, aivute pumzi yote. Amina.